Jua Linatoka Nyuma Yetu

14 Mei

Kesho ziwa linafungwa. Miezi mitatu hakuna kuvua, hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mama amenunua gunia zima la dagaa wakavu na kulisukuma chini ya kitanda chake kama mtu aliyesikia vita inakuja. Mimi nawaza jambo jingine. Nina kazi ya kupiga picha za asubuhi ziwani, na sijui ziwa lisilo na wavuvi linafananaje.

Kazi ni ya nyumba ya wageni mpya iliyojengwa mlimani juu ya Katonga. Ina vyumba kumi na viwili. Meneja wake, Bwana Telesphory, alikuja studio kwangu hapa Ujiji wiki iliyopita akataka picha kubwa kumi na mbili, moja kwa kila chumba, zote za jua likichomoza ziwani. Nikamweleza kwamba kwetu jua halichomozi ziwani. Linatoka nyuma yetu, huko Kidahwe na Kasulu, na jioni ndiyo linazama ziwani, upande wa Kongo. Alinitazama kama nimemwambia nyumba yake imejengwa kinyume. Yeye amekulia Pangani, na kwao jua linatoka majini kila siku ya Mungu. Akasema basi nilitie kwa kompyuta. Nikamwomba aniache nijaribu kwanza bila uongo.

19 Mei

Siku tatu nimepiga nikiwa nchi kavu, kwenye mawe ya Katonga, na siku tatu nimerudi na kitu kile kile. Asubuhi ya kwetu iko hivi: sisi tukiwa bado kivulini mwa vilima vyetu, mwanga unagusa kwanza vilele vya milima ya Kongo, ng'ambo. Vinakuwa vya waridi, halafu rangi ya chungwa. Mwanga unateremka mlimani taratibu, unaingia majini, unatembea kuja huku. Ukifika miguuni pako uzuri umeshakwisha, imebaki asubuhi ya kawaida tu, na kuku wa watu.

Kwa macho ni ajabu. Kwenye picha ni mstari mwembamba wa rangi juu ya maji meusi. Inabidi niingie majini, nigeuke, nilipige jua likipanda juu ya vilima vya kwetu huku maji yakiwa mbele yangu. Kwa hiyo nahitaji mtumbwi na mtu wa kuuendesha.

21 Mei

Mtu nimempata. Anaitwa Oswald, Muha wa Katonga, umri kama arobaini na saba, mrefu mpaka anainama mlangoni. Ni mvuvi wa dagaa, lakini miezi hii anabeba abiria wa vijiji vya kandokando, kwa kuwa mitumbwi ya abiria haikuzuiwa. Tumekubaliana mara tatu kwa wiki, kabla abiria wake hawajaamka. Aliniuliza swali moja tu, kama naogopa maji. Nikasema naogopa kamera kulowa. Akacheka kwa puani.

24 Mei

Safari ya kwanza. Picha mia mbili na kumi, zote zimeyumba. Stendi ya kamera mtumbwini ni kichekesho.

27 Mei

Oswald ameelewa tatizo langu kabla sijamweleza. Leo alizima injini, akauelekeza mtumbwi kwenye upepo, akaushika kwa kasia mpaka ukatulia. Akaniambia mawimbi huja kwa mafungu, na baada ya makubwa huwa kuna pumzi, niisubiri hiyo pumzi. Basi tunakaa kimya. Yeye anahesabu kwa Kiha kwa sauti ya chini, mimi jicho liko kwenye kamera, na akisema tayari nabonyeza. Napiga tatu kwa mfululizo: ya giza ili niiokoe anga, ya kati, na ya mwanga ili niviokoe vilima. Nyumbani nazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta zinakuwa picha moja. Leo zimelingana kwa mara ya kwanza.

30 Mei

Ukungu. Kongo hakuna. Tulikunywa chai ya chupa yangu tukarudi.

3 Juni

Bwana Telesphory ameziona picha tatu za kwanza. Akasema ni nzuri ila jua ni dogo, nilikuze. Akataka pia niondoe chupa ya plastiki iliyokuwa ikielea pembeni, na asione mtu wala chombo. Wageni wanataka utulivu, alisema. Chupa nimeiondoa. Jua sikuligusa.

Nikikaa kuhariri mchana, studio ikiwa haina wateja, nina sheria yangu. Kompyuta irudishe kile ambacho jicho langu liliona na kamera ikashindwa kukibeba, kama ile zambarau iliyokuwa chini ya wingu. Lakini isilete ambacho hakikuwepo. Chande, mume wangu marehemu, alikuwa akinicheka kwa sheria hiyo. Alisema maharusi hawataki ukweli, wanataka kuwa weupe. Mwaka wa tano sasa tangu afariki, na bado nabishana naye nikiwa peke yangu mbele ya kioo cha kompyuta.

8 Juni

Oswald husalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Luqman," nami humwitikia hivyo hivyo, maana nimekua na majirani Waha. Leo baada ya salamu hatukusema kitu tena mpaka tumerudi pwani, na sikuona kama kulikuwa na kimya.

10 Juni

Upepo wa kusini umeanza. Mawimbi yana vichwa vyeupe. Picha mbili nzuri sana.

13 Juni

Leo ziwa lilikuwa limelala. Tulifika mapema mno, tukakaa tunasubiri rangi, na Oswald akaanza kuzungumza bila kuulizwa, akitazama kasia lake.

Ana mke, Agnesi, walifunga ndoa kanisani. Walikuwa na binti mmoja, Dafroza. Alipokuwa na miaka minne alipata homa siku moja jioni, homa ndogo tu, Oswald akaenda ziwani kama kawaida. Usiku homa ikapanda. Mtoto alifariki alfajiri, mikononi mwa mama yake, baba akiwa majini. Oswald alipofika pwani na samaki alimkuta Agnesi amekaa juu ya mchanga. Hakulia, hakumtukana. Baada ya arobaini alifunga mzigo akaenda kwao Kasulu, na mwaka wa saba huu hajarudi. Oswald humtumia chochote anachopata. Agnesi hupokea, lakini simu hapokei.

Nilitaka kusema neno lakini Kongo ikawaka, na kazi yangu ni hiyo. Nikapiga. Zote zimeyumba, na sikulaumu mawimbi.

18 Juni

Mama ameanza. Ameniuliza kwa nini siku hizi najipaka hina kwa ajili ya samaki. Baadaye, akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa kwamba yule ni Mkristo na ana mke. "Mume wa mtu ni chakula kilichofunikwa, Asia. Hata kama mwenyewe amechelewa kula." Nikamwambia ni kazi tu. Akasema hajauliza kuhusu kazi.

21 Juni

Picha nane zimekubaliwa.

25 Juni

Tulitoka ingawa upepo ulikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyesisitiza. Karibu na rasi, wimbi lilitupiga ubavuni, nikawa nimesimama kama mjinga natafuta mahali pazuri, mguu ukateleza. Nikasikia, "Asia, kaa chini!" Akanishika mkono juu ya kiwiko na kunivuta katikati ya mtumbwi, kisha akaniachia mara moja kana kwamba ameshika sufuria la moto.

Kamera ni nzima. Mimi nimechubuka goti. Njia nzima ya kurudi hatukutazamana. Siyo kwa ajili ya wimbi. Tangu Chande afariki hakuna mwanamume aliyeniita kwa jina langu. Mimi ni Mama Luqman kwa kila mtu, na Luqman mwenyewe yuko chuo Dodoma, ananipigia simu akiishiwa.

26 Juni

Goti linauma. Nalifurahia. Astaghafirullah.

2 Julai

Nimepata picha ya kumi na mbili. Jua limetoka kwenye pengo kati ya vilima viwili, limenyoosha njia moja nyembamba juu ya maji mpaka kwenye lenzi. Moshi wa mashamba yanayochomwa kule Simbo umeipa anga rangi ya shaba. Haikuhitaji kitu. Niliunyoosha mstari wa maji tu, maana ulikuwa umeinama kidogo.

Kazi imekwisha. Sijamwambia mtu.

4 Julai

Tumetoka. Nimepiga vilevile.

6 Julai

Tumetoka.

9 Julai

Tumetoka. Mawingu, hakuna mwanga, nikasema tungoje kidogo. Tulingoja hadi saa mbili na nusu. Abiria wake walikuwa wamejaa pwani wananuna.

11 Julai

Bwana Telesphory amepita studio. Akaniuliza kwa upole picha ya mwisho itakuwa tayari lini, kwa sababu fundi wa fremu anasubiri. Nikamjibu kwamba mwanga wa Julai ni mgumu. Akaniamini. Alinishukuru kwa kutokufanya kazi kwa haraka.

Nimekaa na hilo jambo siku nzima. Mimi ndiye mwenye sheria ya kutokuongeza kisichokuwepo. Leo nimeficha kilichopo.

15 Julai

Leo nitaandika yote, maana nisipoandika nitayabadilisha kichwani.

Maji yalikuwa kama mafuta, hakuna hata pumzi. Tulikuwa mbali, pwani ni mstari tu. Nilikuwa nimeinua kamera nikajifanya napima mwanga, ndipo Oswald akaniuliza kama picha zile kumi na mbili bado sijazimaliza. Nikasema bado.

Akasema, "Mimi kamera siijui. Lakini najua mtu anayevua na mtu anayezungusha mtumbwi tu."

Nikateremsha kamera. Yeye ndiye aliyeniokoa. Alisema hata yeye amejua tangu wiki iliyopita na hakuniuliza, kwa sababu alihofia nitasema kazi imekwisha.

Tukakaa. Jua lilipanda juu ya vilima na hakuna aliyelishughulikia. Kisha akaniambia amefikiri na anakwenda Kasulu. Anataka kumwona Agnesi uso kwa uso, waachane kwa maneno, siyo kwa ukimya. Nikamuuliza kanisa lake litasemaje. Akasema padri atasema la padri, na kwamba yeye si mtu wa kubadili dini kama shati, ila miaka saba ni mingi na hawezi kuendelea kuwa mume wa mlango uliofungwa. Sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu kwamba mimi pia nina Mungu wangu na nina mama, na kwamba sitaki kuingia ndani ya nyumba ya mtu kupitia dirishani.

"Nikirudi, nitakukuta?" akauliza.

Nikamjibu kwamba studio yangu iko Ujiji mwaka wa kumi na tisa sasa, haijahama.

"Sikuuliza studio."

"Utanikuta," nikasema.

Akavuta kamba ya injini. Mara ya kwanza haikuwaka, mara ya pili haikuwaka, tukacheka wote wawili kama watoto, na nadhani hicho kicheko ndicho nitakachokikumbuka nikiwa mzee.

17 Julai

Ameondoka na basi la asubuhi.

19 Julai

Hakuna habari. Nimefuta vumbi kwenye lenzi zote, hata zile nisizozitumia.

20 Julai

Hakuna.

22 Julai

Nimetoka peke yangu mpaka mawe ya Katonga. Kongo ikawaka, mwanga ukateremka, ukatembea juu ya maji. Safari hii niliungoja mpaka ukafika miguuni. Ulichukua dakika ishirini na sita. Sikubonyeza hata mara moja.

Sijui mtu anayetamani hutamani nini hasa. Nikijiuliza kama nataka awe mume wangu, jibu linakuja polepole, lina maswali ya nikaha na mama na watu wa mtaani. Nikijiuliza kama nataka kesho alfajiri nimkute pwani ameshika kamba ya mtumbwi, jibu linakuja kabla sijamaliza kuuliza.

24 Julai

Hakuna.

27 Julai

Ujumbe uliingia saa tano asubuhi. Studio ilikuwa na bi harusi mtarajiwa na shangazi zake watatu wanachagua albamu. Niliusoma huku nimeshika albamu nyekundu mkono wa pili.

"Nimerudi. Nimekuja na Agnesi. Anaumwa."

Shangazi mmoja akaniuliza kama hiyo nyekundu inapauka. Nikamwambia haipauki.

28 Julai

Yaliyotokea nimeyapata kwa simu, dakika chache, sauti yake imekauka. Alipofika Kasulu alimkuta Agnesi kitandani. Moyo umetanuka, miguu imevimba, hatua kumi tu anahema. Mama yake Agnesi alifariki mwezi wa tatu na hakuna aliyemwambia Oswald. Agnesi alikuwa akiangaliwa na jirani. Oswald hakusema alichoendea kusema. Alikaa siku nane akimpikia, akatafuta gari, akamleta karibu na daktari. Akaniambia, "Asingekuwa anaumwa ningesema." Nikamwambia najua. Akaniambia nimsamehe. Nikamwambia hakuna kosa.

Nilipokata simu nilikasirika. Siyo naye. Nilimkasirikia mwanamke nisiyewahi kumwona, kwa kuumwa. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

31 Julai

Nimempelekea Bwana Telesphory picha ya kumi na mbili. Nikamwambia ninayo tangu tarehe mbili. Sikueleza kwa nini, nikangoja maneno makali. Aliitazama picha muda mrefu. Kisha akasema jana aliamka mapema akatoka uwanjani, akaona milima ya Kongo ikiwaka kabla ya kwetu, akakaa pale pale na taulo begani. Alisema kwao Pangani jua likitoka limetoka, halikupi nafasi ya kungoja. Akaniomba picha mbili kati ya zile kumi na mbili ziwe za Kongo, bila jua lolote. Nilikuwa nimemwona kama mtu asiyejua kutazama, na kumbe alikuwa mgeni tu.

4 Agosti

Oswald amekuja mpaka mlangoni kwetu, kofia mkononi, akamwamkia mama shikamoo. Mama alimwitikia marahaba, akamletea kiti, na akabaki amekaa hapo hapo. Oswald akasema mbele yake alichojia. Agnesi anataka kupelekwa ziwani asubuhi, mbali, mahali wanapovulia. Hajagusa maji ya ziwa hilo tangu msiba. Tena amesikia kuna mwanamke mpiga picha ambaye Oswald alikuwa akimbeba, na anataka huyo ampige picha huko.

Nilimtazama mama. Nilitarajia anikataze.

"Mgonjwa akiomba, mtu huenda," mama akasema.

6 Agosti

Oswald alimbeba Agnesi mgongoni kutoka kwenye mchanga mpaka mtumbwini. Ni mwanamke mwembamba wa uso, mzito wa miguu, amevaa kitenge cha kijani na sweta la mwanamume. Nililitambua sweta, ni la Oswald. Alinisalimu vizuri, akaniita dada, akaniuliza hali ya mama. Nilikaa mbele, yeye katikati juu ya mkeka uliokunjwa, Oswald nyuma kwenye injini.

Upepo ulikuwa mdogo. Nyota za mwisho zilikuwa zinaondoka. Tulipofika mbali kidogo Oswald akazima injini. Agnesi akamuuliza kama asubuhi ile alikuwa hapo. Oswald akasema hapana, mbali zaidi, akaonyesha kwa kidole.

"Twende huko huko," Agnesi akasema.

Tukaenda. Tulipofika aligeuka taratibu akiushika ubao kwa mikono miwili, akatazama pwani. Vilima vilikuwa vyeusi, anga nyuma yake imeanza kuwa nyeupe. Katonga nzima ilikuwa doa.

"Nyumba yetu haionekani," akasema.

"Haionekani."

"Hata taa?"

"Taa moja haionekani. Labda ingekuwa moto mkubwa."

Agnesi akahema. Nilidhani ni ugonjwa, nikataka kumshika. Akasema, pole pole, akipumzika kati ya maneno, kwamba usiku ule mtoto alipozidiwa alitoa taa nje, akaitundika mlangoni, kisha akaishusha akawa anaizungusha kwa mkono akielekea ziwani. Alizunguka nayo mpaka mafuta yakakwisha.

"Nilidhani unaiona. Miaka yote hii, Oswald, nilijua uliona taa yangu ukaendelea kuvua."

Oswald alitoka nyuma kwenye injini, akapita juu ya mbao, akapiga magoti katika maji yaliyotuama mtumbwini, akaweka kichwa chake juu ya magoti ya mkewe yaliyovimba. Mtumbwi uliyumba na hakuna aliyeushika. Yeye alilia kwa sauti, mwanamume mkubwa vile, na Agnesi alimwekea mkono kisogoni, akimpapasa kama anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

Mimi sikuwa na pa kuweka macho. Nikageukia Kongo. Kilele cha kwanza kilikuwa kimewaka. Nikapiga, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga, na machozi yalikuwa yananitoka lakini kidole kinajua kazi yake.

Baadaye Agnesi akaniita, "Dada, nipige sasa."

Oswald alikuwa amerudi nyuma. Jua lilikuwa limetoka kwenye vilima, mwanga unamwangukia usoni kote. Hakutabasamu na sikumwomba atabasamu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga msimu huu.

9 Agosti

Nimempelekea picha yake nyumbani kwao Katonga. Oswald alikuwa amekwenda kununua dawa. Nilikuwa na zile kumi na mbili pia kwenye bahasha, ndogo ndogo, za sampuli. Agnesi akaomba azione. Alizipanga kitandani moja moja, akazitazama bila haraka.

Akaniuliza Oswald alinipeleka mara ngapi. Nikasema kama ishirini.

"Mara ishirini," akasema. "Na picha zote hizi, hata kivuli chake hakimo."

Nikamwambia mteja hakutaka watu.

"Mteja hakuwepo mtumbwini, dada. Mtu anayetaka kukumbuka mtumbwi hupiga na mwenye mtumbwi. Asiyempiga hata mara moja, huyo anajikinga."

Nilitaka kukana na sikuweza, mbele ya mgonjwa. Agnesi akazikusanya picha, akazigongesha magotini zikakaa sawa, akanirudishia.

"Sikuiti mwizi," akasema. "Nyumba niliiacha wazi miaka saba. Lakini nimerudi."

"Nimeona," nikamjibu.

Kisha akanisogezea sahani ya viazi vitamu, akamenya kimoja akanipa. Tulikula pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia tangu Julai, na nilipokuwa natafuna niligundua kwamba kama angekuwa jirani yangu ningempenda sana.

15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Jioni mama na mimi tuliteremka mpaka pwani ya Ujiji na mtaa mzima. Wavuvi walipoanza kutoka watu walipiga vigelegele. Giza lilipoingia taa za kuvutia dagaa zikawaka moja moja majini mpaka ziwa likawa kama mji mwingine. Nilitafuta moja ambayo ingekuwa ya watu wa Katonga, nikashindwa, zote zinafanana. Mama hakuniuliza natazama nini. Alinunua chungwa, akalimenya, akanipa nusu.

18 Agosti

Fremu zimetundikwa. Bwana Telesphory ananialika nikazione. Nitakwenda siku nyingine.

21 Agosti

Leo mchana Oswald aliingia studio. Anahitaji picha za paspoti kwa ajili ya leseni yake ya uvuvi. Kuna mpiga picha pale pale Katonga, na hatukulisema hilo.

Nilimuuliza Agnesi anaendeleaje. Akasema dawa mpya zimepunguza maji miguuni, juzi ametembea mpaka kwa jirani na kurudi. Alikuwa amefurahi, na aliona haya kwa kufurahi mbele yangu. Nikamwambia Alhamdulillah, na nilimaanisha.

Akakaa kwenye kigoda, pazia la bluu nyuma yake. Nilikishusha kigoda hadi chini kabisa kwa sababu ya urefu wake. Nikamwambia ainue kidevu kidogo, atazame kamera. Akatazama. Picha ya paspoti haichukui muda. Nilisema taa haijakaa sawa, nikairekebisha. Nilisema bega la kushoto liko chini, akalipandisha. Uso wake una kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikuwahi kuliona, kwa kuwa sikuwahi kumtazama hivi. Hakupepesa. Alijua na aliniachia.

Nikabonyeza mara moja tu.

Karatasi moja hutoa picha nane. Leseni inataka mbili. Nilizikata, akachukua mbili akaziweka mfukoni, zile sita akaziacha juu ya meza.

"Hizi sina kazi nazo," akasema. "Weka wewe."

Nilizishika. Zilikuwa bado na joto la mashine. Nikazitia zote sita kwenye bahasha, nikaifunga.

"Mpelekee Agnesi," nikasema.

Alisimama kidogo. Kisha akaipokea kwa mikono miwili.

"Kwaheri, Mama Luqman."

"Kwaheri, Bwana Oswald."

Akainama mlangoni, akatoka. Nje alikuwa anasubiri msichana anayeomba chuo, mfupi, ameshika fomu zake. Nikamkaribisha akae. Kigoda kilikuwa bado chini kabisa, kichwa chake hakikufika hata kwenye lenzi. Nikamwomba asimame, nikakizungusha, nikakizungusha, mpaka kikamfaa.